Siku Niliyokataa Kuweka L

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo naikumbuka kwa harufu ya klachi inayoungua. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimevaa suti ya kuazima, nimekaa ndani ya jipu la kuazima, na kando yangu amekaa mzee ambaye nilikuwa na hakika kabisa kwamba ametumwa kuniharibia mambo.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinipitia hapa Pickering, kando ya Toronto, na gari lako jipya la kupandia milima. Nilikuuliza kile kitufe cha kuzungusha, chenye 2H, 4H na 4L, unakitumia lini. Ukanijibu kwamba aliyekuuzia amekwambia gari linajua lenyewe. Nikamshuku mtu huyo papo hapo. Mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nikipewa chai nainusa kwanza ndipo niseme asante. Lakini tabia hiyohiyo nusura inikoseshe mke, kwa hiyo kaa kidogo unisikilize, halafu utaamua mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa pili hapa Toronto, tukiishi watu watatu katika chumba kimoja kule Parkdale. Nilikuwa nimempenda msichana anayeitwa Wakesho, Mtaita kama mimi, akisomea uuguzi na kukaa kwa shangazi yake kwenye yale maghorofa ya Dixon Road. Naye alinipenda, ingawa alikuwa na lalamiko moja ambalo sikulitilia maanani. Alisema kwamba kila akiniambia jambo, badala ya kulisikia natafuta kwanza kwa nini ameniambia.

Wazazi wake walikuwa Voi na hawangeweza kuja. Waliwakabidhi wazee wa huku kazi ya kunipokea, na mkubwa wao alikuwa Mjomba Mwadime, kaka ya mama yake Wakesho. Nilijua mambo mawili tu juu yake. Kwamba alifanya usafi katika hospitali moja mjini, na kwamba hakuwa msemaji. Mtu anayenitukana namwelewa, najua amesimama wapi. Asiyesema ndiye aliyekuwa akininyima usingizi.

Posa ilipangwa Jumamosi moja ya mwezi wa nne, saa tisa alasiri, nyumbani kwa shangazi. Wazee walitaka mbuzi. Hawakutaka nyama ya dukani iliyofungwa kwenye plastiki. Walitaka dume asiye na kilema, ambaye mtu wa upande wao amemwona kwa macho yake akiwa amesimama kwa miguu yake minne. Sasa huwezi kumpandisha mbuzi lifti ya Dixon Road, majirani wataita polisi. Ikaamuliwa niende na Mjomba hadi shamba moja kaskazini ya mji, lenye machinjio yake, yeye amkague mbuzi, achinjwe hukohuko, turudi na nyama. Na ikasemwa wazi, kama inavyosemwa kwetu, kwamba upande wa mwanamume ukichelewa utapigwa faini. Ukichelewa sana, wazee watavaa makoti yao waende makwao, na siku nyingine itatafutwa wakijisikia.

Jipu lilikuwa la rafiki yangu Kioko, fundi wa mabomba kule Scarborough. Asubuhi ile akinipa ufunguo alinivuta kando.

"Boss, hao wazee watakuchelewesha makusudi," alisema. "Huyo mjomba atataka kusimama choo, atakuambia uendeshe pole pole, bora tu ufike saa kumi wakuchape faini. Usikubali. Na hiyo four-wheel unaijua?"

Nikamwambia nimeendesha sana nyumbani. Ulikuwa uongo mtupu. Nyumbani niliendesha pikapu ya kanisa, tena kwenye lami, nikibeba viti vya plastiki. Kioko alinionyesha ule mkono mdogo wa pili ulio kando ya gia, akauvuta hadi 4H, magurudumu yote manne yavute, akaurudisha 2H, yavute mawili tu. Hatukufika kwenye L, yaani 4L, na sikuuliza.

Tulikwenda vizuri. Mjomba alikaa na suti yake ya kijivu na mikono juu ya magoti, kimya. Kila nilipomtupia jicho nilimkuta anautazama ule mkono mdogo. Nikajiuliza anatafuta nini pale.

Lami ilipoisha palikuwa na njia ya udongo. Ilishuka bonde lenye kijito, ikavuka juu ya kalvati, ikapanda upande wa pili hadi shambani. Baridi ya usiku ilikuwa imeigandisha, ngumu kama sakafu. Nikaweka 4H kama nilivyoonyeshwa, tukashuka na kupanda bila taabu yoyote. Nilitamani Wakesho angeniona.

Shambani ndipo moyo wangu ulipoanza kuchemka. Mjomba alimkagua mbuzi wa kwanza midomoni, akampapasa mbavu, akatikisa kichwa. Wa pili akamtembeza, akatikisa kichwa tena. Mwenye shamba alinitazama, nami nikatazama saa yangu. Maneno ya Kioko yakanirudia yote. Mbuzi wa tatu ndiye aliyekubaliwa, na alipokwisha kuchinjwa, kuchunwa na kukatwakatwa ilikuwa saa sita na nusu imepita. Jua lilikuwa limetoka, maji yakidondoka kutoka paa la banda, na theluji iliyobaki kwenye ua ilikuwa imeanza kuingia madoa.

Tulipofika juu ya ule mteremko wa kushukia kijitoni, Mjomba alinyoosha mkono.

"Simama hapa. Weka L."

"Asubuhi tulipita na H, Mzee."

"Asubuhi ardhi ilikuwa imeganda. Sasa juu ni tope na chini yake bado kuna barafu. Weka L, gia ya kwanza, toa mguu kwenye breki kabisa, uache injini yenyewe ilizuie gari. Itakwenda taratibu sana, usiwe na wasiwasi."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu tutoke mjini, na wingi wake ukazidi kunitia shaka. Njia ni ileile, nikajiambia, gari ni lilelile, kilichobadilika ni saa tu. Taratibu sana, amesema. Nilimwona kama nimemkamata na kisu mkononi.

"Tutachelewa," nikasema.

"Haya," akajibu, akashika kile kishikio kilicho juu ya mlango.

Niliteremka na 4H, gia ya pili, mguu kwenye breki. Kwa hatua chache gari lilitii. Kisha magurudumu yakajifunga na jipu likaanza kuteleza lenyewe, kimyakimya, usukani ukiwa mwepesi mkononi kana kwamba haukushikana na kitu. Tuliteleza hadi karibu na kalvati, gurudumu la mbele la kulia likaingia mtaroni, tukasimama tumeinama upande wa Mjomba. Nyama ilihama nyuma kwa kishindo.

Mtu mwenye akili angeuliza hapo. Mimi nilikanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, tope likaruka hadi kwenye madirisha, jipu likazidi kujizika. Nikaweka rivasi, nikakanyaga tena. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, na klachi nimeishika nusunusu, hadi ile harufu ikajaa ndani ya gari. Nusu saa nzima nilifanya hivyo, mwanangu. Nikamtupia jicho Mjomba. Alikuwa ametazama nje. Nikasema moyoni, mzee huyu anafurahi, alikuwa akiliombea hili litokee.

Mwishowe alivua koti lake la suti, akaligeuza ndani nje, akaliweka juu ya kiti. Akakunja suruali, akashuka kwenye tope na viatu vyake vya kanisani. Aliokota mbao mbili za ua zilizoanguka na mawe ya pembeni ya kalvati, akavisukuma chini ya gurudumu. Mimi nilimsaidia kidogo, kwa aibu zaidi kuliko kwa moyo. Alipomaliza alifuta mikono kwenye theluji.

"Nipe usukani."

Nilimpa kwa sababu sikuwa na la kufanya. Aliweka gia katikati, akakanyaga klachi, akaivuta ile L mpaka ikaingia kwa mlio mdogo. Kisha gia ya kwanza. Aliachia klachi polepole, na mguu wa mafuta akauweka kando kabisa, juu ya sakafu, nami nikauona. Jipu halikuruka wala kunguruma. Lilipanda zile mbao mwendo wa mtu mzima anayeinuka kitini, likatoka mtaroni, likavuka kalvati, likapanda kilima chote kwa mwendo huohuo. Kule juu alisimamisha, akashuka, akanirudishia usukani.

"Endelea," akasema.

Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeokolewa na adui yake. Niliendelea kidogo kwenye udongo, nikaingia lami, nikabadilisha gia, moja, mbili, tatu, hadi ya mwisho. Injini ilikuwa ikilia kama imekabwa koo na gari haliendi. Kwenye njia panda nilipokata kona, usukani ulipigana na mimi, magurudumu yakapiga yowe juu ya lami kavu, na chini kwetu kitu kikagonga. Nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Mzee ameshika usukani dakika tano tu, na gari la Kioko limevunjika.

"Mzee," nikasema, "gari la watu umelifanya nini?"

"Simama kando."

Nikasimama.

"Ule mkono uko wapi?"

Nikatazama. Ulikuwa kwenye L.

"Tangu kule juu ya kilima, nani alikuwa anaendesha?"

Niliondoa mikono usukanini.

"L ni ya tope, ya mawe, ya mteremko," alisema, bila kupandisha sauti. "Ukiiweka, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanafungwa pamoja. Kwenye tope haidhuru, kila moja linateleza kidogo likapata nafasi yake. Kwenye lami kavu hakuna kuteleza, kwa hiyo ukikata kona yanagombana, na vyuma vya chini ndivyo vinavyoumia. Rudi nyuma kidogo, hatua mbili tatu, yalegee. Haya. Sasa gia katikati. Utoe."

Ukatoka bila nguvu. Nilibaki nimeushika.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuambia jambo moja kule juu, ukalipokea kama nimekupa sumu. Hili la pili nikaona ningoje uniulize. Umesikia injini inalia kilomita nzima. Hukuniuliza. Umetafuta tu nimekuhujumu vipi." Alichukua koti lake akaanza kulivaa. "Nimeendesha magari ya wapima barabara miaka kumi na mmoja, kabla sijaja huku kushika fagio."

"Hukuwahi kusema."

"Na wewe hukuwahi kuuliza. Sasa sikiliza, kijana. Mimi sikuja kutazama kama unajua gari. Gari mtu hufundishwa. Nimekuja kutazama kama Wakesho akikuambia simama hapa, utasimama. Maana yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti hiki nilichokalia."

Kisha akafunga mkanda, nasi tukashika njia ya mjini.

Nitakueleza ukweli wa safari ile ya kurudi, ingawa haunipi sifa. Ulidhani nilikuwa najuta? Nilikuwa najitayarisha kujitetea. Niliona wazi kwamba mzee ataingia pale ndani na kunivua nguo mbele ya wazee wote: alimkatalia mkubwa, akazamisha gari, akamsingizia. Kwa hiyo nilipanga yangu. Nitasema alikataa mbuzi wawili wazima. Nitasema alikuwa na mpango wa kutuchelewesha tangu asubuhi. Nilipanga maneno hayo kilomita baada ya kilomita, kwa sababu nilijua kwamba nikimkosa Wakesho sitapata mwingine wa kunivumilia.

Tulifika saa tisa na nusu. Wazee wanne walikuwa wamekaa sebuleni, makoti yao yakiwa magotini. Mume wa shangazi, aliyekuwa akiongoza siku ile, hakunitazama mimi. Alimtazama Mjomba kuanzia viatu hadi magoti, tope lilipoishia.

"Mwadime, mmechelewa. Kumetokea nini?"

Nilifungua mdomo kusema yangu, lakini yeye akanitangulia.

"Njia ilikuwa mbaya," alisema Mjomba. "Kijana amejitahidi."

Akatafuta kiti chake, akakaa.

Basi. Hakuongeza neno. Wakaanza kutundika makoti yao mlangoni, mtu akaniambia pole, mwingine akasema mwezi wa nne barabara za huko hazifai. Nilikuwa nimeokoka. Wakesho alikuwa mlangoni mwa jikoni na sahani mkononi, akimtazama mjomba wake, kisha akanitazama mimi.

Sijawahi kuona aibu kama ile, mwanangu. Saa nzima na nusu nilikuwa nimemnolea kisu mtu aliyekuwa amekaa kando yangu akijiandaa kunisitiri. Nikasimama.

"Njia haikuwa mbaya hivyo," nikasema. "Mzee aliniambia la kufanya, nikakataa. Nilidhani ananichelewesha ili mnipige faini. Nimezamisha gari, yeye akalitoa kwa mikono yake. Halafu nikaliendesha vibaya kwenye lami, nikamlaumu yeye. Na kule nyumbani sikuwahi kuendesha gari la namna hii hata siku moja."

Niliona mzee mmoja akilitazama koti lake pale mlangoni. Kisha Mjomba Mwadime akajiweka sawa kwenye kiti.

"Sasa tunaweza kuanza," akasema.

Faini walinipiga vilevile, kreti mbili za soda. Wiki kadhaa baadaye nilimuuliza Wakesho alikuwa akifikiria nini pale mlangoni. Akaniambia kwamba alipoona ile suruali alijua, kwa kuwa mjomba wake hakuwahi kukwama mahali popote. "Ungekaa kimya ukaachia maneno yake yapite," alisema, "wazee wangekubali, lakini mimi ningekataa." Tumeishi pamoja miaka thelathini na zaidi sasa, na bado nikifikiria nilivyokaribia kukaa kimya siku ile, moyo hunipiga.

Sasa nikupe ninachotaka ushike. Kwenye lami kavu acha gari kwenye 2H, hata kama unajisikia mtu wa porini. Theluji ikianguka au ukiingia barabara ya kokoto, na unataka kwenda mwendo wa kawaida, hiyo ni 4H. Watu wengi hapa theluji ikijaa hukimbilia L wakidhani nguvu nyingi ni salama zaidi. Barafu haitaki nguvu, magurudumu yatazunguka bure. L ni pale unapotaka kwenda polepole kwa kukusudia: mteremko mkali, tope zito, mawe, au unapovuta gari la mwenzako. Lisimamishe gari, au karibu ulisimamishe, weka gia katikati, ndipo uiweke, na uiweke kabla ya kuingia, kwa sababu ukishazama umechelewa. Ukishuka, injini ndiyo breki yako. Na kabla ya kurudi lami, itoe. Njia uliyoipita asubuhi, mchana si ile tena; shuka garini, uikanyage kwa kiatu chako, hata kama umevaa vizuri. Na huyo aliyekwambia gari linajua lenyewe, muulize kama siku utakapoteremka mlima naye atakuwa ndani ya gari.

Maana hilo ndilo nililoshindwa kuliona siku ile, na ndilo ninalokuachia. Mzee yule alikuwa ndani ya jipu lilelile. Tukiteleza anateleza, tukizama anazama, na upande ulioinama ulikuwa wake. Angenitakiaje mabaya? Shuku tope, mwanangu, shuku barafu, shuku muuzaji, nishuku hata mimi ninayekuelekeza nikiwa nimekaa kochini na chai yangu. Lakini mtu aliyefunga mkanda kando yako akikuambia simama, simama kwanza. Ukitaka kumuuliza sababu, muulize gari likiwa limesimama.

Nenda, na Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, akurudishe ukiwa mzima na walio nawe wakiwa wazima. Akujalie mwenzi asiyeogopa kukuambia umekosea, nawe akupe moyo wa kumwamini kabla gari halijateleza. Amina.